Fungu la Sufuria Litoke Kabla ya Lori

Mvua ndefu zikiisha na baridi ya Julai ikikaza, mashamba ya Kinangop, Ol Kalou na Ndaragwa hujaa mboga. Viazi huchimbwa, njegere hujaa katika maganda yake, kabichi hufunga vichwa, na karoti huwa nene. Ndio wakati pia ambapo bei huanguka, kwa sababu kila mtu ana mboga zile zile siku ile ile. Malori hufika mpaka njia panda, mifuko hupakiwa, na jioni katika nyumba nyingi za wakulima hao hao kinacholiwa ni ugali na kabichi iliyochemshwa mpaka ikageuka rangi ya majivu, au chai na mkate wa dukani.

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo. Wakulima hufika mezani kwangu kuuliza habari za mbegu na dawa za kunyunyiza, na mara nyingi habari za nyumbani hufuata. Mama mmoja alieleza kwamba zahanati ilimwambia mtoto wake ana upungufu wa damu, naye ampe mboga za majani, maharagwe, na nyama kidogo ikipatikana. Nikamwuliza kama hana mboga za majani shambani. Alikuwa nazo robo eka. Lakini hizo, alisema, ni za lori.

Jambo hili yafaa litazamwe na mabwana na mabibi pamoja, maana si la jikoni tu. Mpango wa kugawa eka milioni moja ulipoanza mwaka 1962, mpango ambao mwishowe uliwapatia ardhi jamaa zipatazo 35,000, vipande havikukatwa kwa kubahatisha. Kila namna ya shamba ilipigiwa hesabu. Kwanza shamba litoe chakula cha jamaa. Pili lilipe deni la ardhi na la ng'ombe. Baada ya hayo mawili ndipo zibaki fedha mkononi: katika skimu nyingine pauni 25 kwa mwaka, yaani shilingi 500 za wakati ule, katika nyingine pauni 40, na katika zile za mashamba makubwa pauni 100 au zaidi. Tazameni mpangilio huo. Chakula ndicho kilichokuwa mstari wa kwanza wa hesabu, wala hakikuwa masalio ya sokoni.

Mahali ambapo mstari huo ulisahauliwa, matokeo yalionekana. Skimu ya mpunga ya Mwea ilianza mwaka 1954, na mpunga wake ukasifiwa nchi nzima. Lakini watafiti walioandika habari zake mwaka 1973 waliona kwamba fedha za mpunga ziliingia mkononi mwa mwenye leseni, na mara nyingi huyo alikuwa bwana. Mkewe, ambaye ndiye aliyetakiwa kulisha nyumba, alikuwa na bustani haba ya chakula na kuni za kutafuta mbali. Fedha zilikuwapo, na sufuria ilikuwa na shida.

Basi fungu la nyumba liwe kiasi gani? Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku, na viazi havihesabiwi humo. Kwa jamaa ya watu sita, wakubwa kwa wadogo, tuseme kilo 2 kwa siku. Kwa wiki ni kilo 14. Linganisheni na mfuko mmoja wa kilo 50: hizo kilo 14 hazifiki hata thuluthi yake. Mkulima anayepakia mifuko ishirini hawezi kusema kwamba thuluthi ya mfuko mmoja ndiyo itakayomfukarisha.

Njia iliyo rahisi ni kutenga mistari kadhaa iliyo karibu na jiko, na bwana na bibi wapatane kwamba mistari hiyo haiuzwi hata bei ikipanda. Panda humo sukuma wiki, spinachi, karoti, vitunguu vya majani na dhania, na njegere pembeni. Kuna faida nyingine katika kutenga. Mboga za lori hunyunyizwa dawa mara kwa mara, na kila chupa ya dawa ina maandishi yanayotaja siku za kungoja kabla ya kuvuna. Mistari ya nyumba ikiwa mbali kidogo na dawa, mama hatakuwa na haja ya kukisia kama jana ilinyunyizwa au la. Hata hivyo mboga zioshwe vizuri, na zioshwe nzima, kabla ya kukatwa.

Sasa tuje jikoni. Mboga iliyotoka shambani leo haihitaji mambo mengi, na kosa la wengi wetu ni kuipika kupita kiasi. Vitamini C huharibiwa na moto, tena huyeyuka katika maji. Mtu akikata sukuma wiki asubuhi, akailoweka mpaka jioni, akaichemsha kwa maji mengi nusu saa na kumwaga maji yake, amemwaga sehemu kubwa ya faida. Kata mboga wakati sufuria iko tayari. Tia maji kidogo tu, funika, moto uwe mkali, na dakika tano mpaka saba zatosha kwa sukuma wiki changa. Magadi hulainisha majani upesi na kuyapa rangi nzuri, lakini huharibu vitamini, kwa hiyo yaacheni kwa mboga hizi laini. Kuni nazo huokolewa, na kuni siku hizi si mchezo.

Mafuta kidogo ni lazima, wala si anasa. Rangi ya karoti na ya majani ya kijani kibichi hugeuzwa mwilini kuwa vitamini A, ambayo hulinda macho. Mtoto akiikosa sana huanza kushindwa kuona magharibi, na mwishowe aweza kupofuka. Mwili hauipokei vema pasipo mafuta. Kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia, samli au siagi ya nyumbani chatosha sufuria ya watu sita. Na kwa ajili ya damu, kamua limau juu ya mboga au pika na nyanya, kwa maana vitamini C huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika majani na maharagwe. Chai hufanya kinyume chake. Inywewe baadaye, saa moja au mbili baada ya kula. Najua neno hili halitapendwa huku kwetu kwenye baridi, lakini ndivyo lilivyo.

Kabichi, karoti na njegere. Twaa nusu ya kabichi ya kiasi, karoti nne, vikombe viwili vya njegere zilizomenywa, kitunguu kimoja na nyanya mbili. Usitupe majani ya nje ya kabichi yaliyo ya kijani ikiwa ni safi, kwani yana vitamini A kuliko yale meupe ya ndani. Yakate membamba tu. Kaanga kitunguu kwa kijiko cha mafuta, tia nyanya mpaka zilainike, tia karoti na njegere pamoja na nusu kikombe cha maji, ufunike dakika nane. Kisha tia kabichi na chumvi, koroga, funika tena dakika tano. Kabichi iwe bado na mlio kidogo mdomoni. Njegere zichumwe siku ile ile, kwa maana tangu zichumwe sukari yake huanza kugeuka wanga. Zile zilizokaa siku tatu gunianai hazina utamu, na mahindi mabichi ni vivyo hivyo.

Mukimo. Hiki ni chakula cha Wakikuyu ambacho katika skimu kimekuwa cha watu wote, na ni chakula kamili kikipikwa vema. Kwa jamaa ya watu sita twaa kilo 2 za viazi, vikombe viwili vya mahindi mabichi yaliyopukuchuliwa, vikombe viwili vya njegere, na fungu kubwa la majani. Walio mashamba ya chini yenye joto watumie majani machanga ya malenge, wayachune nyuzi za mashina kwanza. Walio juu wanayo yale majani yanayowasha, thabai, ambayo huota yenyewe kando ya boma la ng'ombe. Chuma ncha changa tu, ukiwa umevaa mfuko mkononi. Yakiisha kuchemka hayawashi tena. Kuna vijana wanaoona haya kula thabai kwa kuwa hainunuliwi. Hao wapewe wakiwa na njaa.

Chemsha mahindi kwanza mpaka yakaribie kuiva. Tia viazi vilivyomenywa, maji yavifunike kidogo tu. Vikikaribia kulainika tia njegere, na majani yaliyokatwakatwa yawe juu kabisa, ufunike dakika kumi. Maji yaliyobaki yachuje katika bakuli, usiyamwage. Ponda vyote kwa mwiko, ukirudisha maji yale kidogo kidogo mpaka mukimo uwe laini. Mwisho kaanga kitunguu cha majani kwa mafuta, uchanganye. Kiazi kilichopigwa na jua kikawa kijani kisiingie humo. Kina sumu isiyokwisha kwa kupikwa, na kumenya juu juu hakutoshi. Viazi vya Shangi vina sifa ya kuiva upesi, lakini huota upesi vilevile, kwa hiyo vya kula viwekwe gizani, mahali penye hewa.

Mnavu kwa maziwa. Katika skimu tulitoka pande nyingi, na jirani yako huenda anajua kupika kile unachong'oa kama gugu. Mnavu, ambao kwa Kikuyu ni managu, kwa Kijaluo osuga, na kwa Kigusii rinagu, huota wenyewe baada ya viazi kuchimbwa. Chambua majani na ncha laini, uache matunda yote mabichi, kwani yana sumu. Chemsha kwa maji kidogo dakika kumi. Ukiwa mchungu sana, maji hayo ya kwanza ndiyo pekee yanayostahili kumwagwa. Tia kikombe cha maziwa, au malai kidogo kama unayo, na chumvi, uache kwenye moto mdogo dakika nyingine kumi. Wengine huulaza mpaka kesho yake wakisema uchungu hupoa. Ukilazwa, uwekwe mahali pa baridi, na uchemshwe tena kabla ya kuliwa.

Maziwa hayo yanatukumbusha shauri jingine, maana nayo huenda kwenye lori. Mtoto aliyepita miezi sita, anayenyonya na kuanza kula, hushibishwa mara nyingi kwa uji mwepesi kama maji. Mpikie hivi: kiazi kimoja, nusu karoti iliyokatwa ndogo, na majani matatu ya spinachi, vyote vichemshwe kwa maji kidogo mpaka vilainike. Viponde, tia maziwa yaliyochemshwa na kijiko kidogo cha siagi. Kisiwe cha kumiminika. Kijiko kikiinamishwa chakula kibaki juu yake. Huyu mdogo tumbo lake halibebi sufuria nzima, na maji mengi humjaza bila kumlisha. Kikombe kimoja cha maziwa kibaki nyumbani kwa ajili yake kabla mkebe haujafungwa asubuhi.

Mboga zikizidi na bei ikiwa mbaya kiasi cha kutolipa hata gharama za mifuko, yale majani yafaa kukaushwa kwa ajili ya Januari na Februari, wakati wa ukavu. Chagua sukuma wiki, mnavu au majani ya kunde yaliyo safi. Yatumbukize katika maji yanayochemka dakika mbili, uyatoe na kuyakung'uta. Yatandaze juu ya kitambaa safi kivulini penye upepo, wala si juani, kwa kuwa jua kali huharibu vitamini A. Katika ukungu wa Julai kazi hii haifai. Ngoja siku kavu za Septemba, ama sivyo yataota kuvu. Geuza mara mbili kwa siku. Yakivunjika mkononi kama karatasi, yatie katika mkebe mkavu wenye kifuniko cha kubana, na kabla ya kupika uyaloweke kwa maji ya vuguvugu nusu saa, kisha upike kwa maji hayo hayo. Na juu ya mkebe uandike jina la mboga na tarehe, ili wa kwanza kukaushwa uwe wa kwanza kufunguliwa.