Serotonini na Alzheimer: rekodi sita ndani ya ubongo

Mzee akisahau majina ya wajukuu, tunampeleka hospitali. Akianza kufoka jioni, kukesha na kulia bila sababu, tunasema ni ukorofi wa uzee. Tunamwonea. Mabadiliko hayo nayo yanaweza kuwa sehemu ya ugonjwa wa Alzheimer, na serotonini ni miongoni mwa kemikali za ubongo zinazohusika. Rekodi hizi sita zinaonyesha kwa nini.

Ukoo mpana kuliko kawaida
Serotonini hupeleka ujumbe kati ya seli za neva. Ujumbe hupokelewa na vipokezi, yaani protini zilizo kwenye utando wa seli. Vinajulikana vipokezi vya aina 14 katika makundi 7, idadi ambayo kemikali chache za ubongo zinaikaribia. Ndiyo maana serotonini hugusa usingizi, hamu ya kula, hasira na kumbukumbu kwa pamoja.

Chanzo kidogo, eneo kubwa
Ubongo una seli za neva zipatazo bilioni 86. Zinazotengeneza serotonini ni laki chache tu, nyingi zikiwa kwenye viini vya rafe, katikati ya shina la ubongo. Nyuzi za seli hizo husambaa karibu ubongo mzima. Kwa bahati mbaya, protini ya tau, ambayo huharibika katika Alzheimer, huonekana kwenye viini hivyo mapema sana.

Anguko kubwa
Mwaka 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitafuta vipokezi vya aina ya 1A kwa watu walio hai. Mtu hudungwa kemikali yenye mionzi hafifu inayong'ang'ania vipokezi hivyo, kisha hulazwa ndani ya mashine ya PET. Palipo na vipokezi vingi, picha hung'aa; vilipopungua, hufifia. Kwenye hipokampasi, sehemu inayojenga kumbukumbu mpya, wenye Alzheimer walikuwa na upungufu wa wastani wa asilimia 49 wakilinganishwa na wenye afya. Wenye usahaulifu mdogo, ambao hawajafikia Alzheimer, walikuwa wamepungukiwa asilimia 24. Washiriki walikuwa wachache, lakini ujumbe ni mzito: upotevu huanza mapema.

Kipokezi kilichostahimili
Vipokezi vya aina ya 2A kwenye gamba la ubongo vilionekana kupungua tangu tafiti za miaka ya 1980 zilizochunguza ubongo wa marehemu. Lakini vile vya kundi la 3, vya pekee katika ukoo huu vinavyofanya kazi kama lango la chembe za chumvi, vilikutwa bila upungufu wa kuonekana. Ugonjwa hauharibu kila kitu kwa kiwango kimoja.

Tumaini kubwa lililovunjika
Dawa ya idalopirdine ilizuia vipokezi vya kundi la 6 ili kuinua kumbukumbu. Ilijaribiwa katika tafiti tatu zenye wagonjwa 2,525, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018: haikuwasaidia. Wagonjwa hao na ndugu zao wanastahili shukrani, kwa maana wamewaepusha wengine na njia isiyofika.

Msaada uliokaribia
Citalopram, dawa ya sonona inayoongeza serotonini kati ya seli, ilijaribiwa kwa wagonjwa 186 wa Alzheimer wenye fadhaa. Mwaka 2014 ilitangazwa kuwa asilimia 40 ya walioitumia walipata nafuu ya wazi, dhidi ya asilimia 26 ya waliopewa dawa bandia. Hata hivyo, ilivuruga mwenendo wa umeme wa moyo na kupunguza kidogo uwezo wa kufikiri. Si dawa ya kujinunulia dukani.

Kwa hiyo ukimpeleka mzee kliniki, usiishie kwenye kusahau. Mweleze daktari jinsi anavyolala, anavyokula, anachokasirikia na saa anayobadilika. Na nyumbani, acheni kumgombeza: hakuchagua kuwa hivyo.