Kabla ya kusema mtoto haruki, mpime vizuri

RUSIZI – Mzazi anayerudi Nyakabuye jioni kutoka soko la Bugarama, au aliyeshinda Bukavu akiuza bidhaa zake, hana nafasi ya kukaa pembeni ya uwanja wa shule. Huenda akaambiwa mlangoni tu kwamba mwanawe wa miaka 14 ameachwa nje ya timu ya voliboli kwa kuwa haruki juu. Kabla ya kuikubali hukumu hiyo, afadhali apige hesabu mwenyewe.

Kuruka ni jambo kubwa katika mchezo huu. Wavu wa wanawake una urefu wa mita 2.24 na wa wanaume mita 2.43. Anayefikisha mkono juu yake ndiye anayepiga smashi na ndiye anayezuia. Shule zenye timu kali katika kanda yetu huwatafuta watoto wa aina hiyo, na wapo wanaosaidiwa karo. Kwa hiyo kuachwa nje ya timu kunaweza kuwa hasara kwa familia nzima.

Kipimo ni rahisi: ukuta, chaki na futi ya fundi cherehani. Mtoto asimame, anyooshe mkono, aweke alama. Kisha aruke, aweke alama nyingine. Tofauti ya alama hizo mbili ndiyo kuruka kwake. Aliyefikia mita 2.05 akiwa amesimama na 2.50 akiruka ameruka sentimita 45. Mwenzake mfupi aliyeanzia 1.90 akafika 2.42 ameruka sentimita 52. Anayetazama alama ya juu peke yake atamchagua wa kwanza. Ni sawa na kutazama mauzo ukasahau mtaji: faida hutaijua.

Wanyarwanda wana mfano wao. Mwaka 1907, mgeni kutoka Ujerumani, Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alishuhudia vijana wa Mwami Musinga wakiruka urukiramende huko Nyanza. Urefu ulioandikwa ulikuwa mita 2.50, wakati rekodi ya dunia ilikuwa bado haijafika mita 2. Vijana hao walikuwa hodari kweli, lakini mguu wao uliondokea juu ya kichuguu kidogo. Ukitaka kujua mtu ameruka kiasi gani, uliza kwanza ameanzia wapi.

Kuna pia suala la umri. Wasichana wengi hukua kwa kasi wakiwa na miaka 12 hivi, wavulana karibu na 14, lakini mwili wa mmoja unaweza kutangulia wa mwenzake kwa miaka miwili au zaidi. Mvulana anayeonekana mzito leo huenda misuli yake haijaanza kukomaa. Akiachwa sasa, hakuna atakayejua angefika wapi. Mpime kila baada ya miezi mitatu, na umlinganishe na alama zake mwenyewe za nyuma.

Kosa la pili ni kumrusha kila siku ili awafikie wenzake. Katika miaka ya kukua, mshipa mgumu wa goti huvuta sehemu ya mfupa ambayo bado ni laini, na uvimbe wenye maumivu hutokea chini kidogo ya kifuniko cha goti. Madaktari wawili, Osgood wa Marekani na Schlatter wa Uswisi, waliueleza ugonjwa huo mwaka 1903. Kwa kawaida hupona ukuaji ukiisha, lakini mtoto anayeumia apunguziwe kuruka, na maumivu yakiendelea apelekwe kituo cha afya.

Mazoezi ya siku mbili kwa wiki, zikiachana, yanatosha kuanza: kuruka kamba, kuchuchumaa na kuinuka, kurusha mikono kwa nguvu wakati wa kuruka, maana mikono nayo huongeza sentimita. Afanyie kwenye udongo au majani, si kwenye sakafu ya saruji. Na ajifunze kutua: miguu yote miwili, magoti yakunjwe, yasigongane.

Michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki ilifanyika Huye mwaka 2023, na watoto wa nchi jirani walikutana hapo. Wa Nyakabuye naye anaweza kufika huko, mradi asikatwe mapema na magoti yake yabaki mazima.