KILIMO CHA PASHENI NYANDA ZA JUU: TUCHAGUE MAHALI KABLA YA KUNUNUA MICHE



Ofisi ya miradi ya Dayosisi inaendelea kupokea maombi ya sharika zinazotaka kuanzisha bustani za pasheni, tunda ambalo wengine huliita karakara. Tunafurahi kuona ari hiyo. Pasheni haihitaji eneo kubwa, soko la juisi lipo mijini, na kazi yake inaweza kufanywa na vikundi vya akina mama, vijana na hata wazee. Lakini maombi mengi yanafanana: yanataja idadi ya miche inayotakiwa, na hayasemi lolote kuhusu mahali itakapopandwa. Makala hii inaeleza kwa nini kwetu, katika maeneo kama Njombe na Makete, swali la mahali linapaswa kuja kwanza.

Mmea wenyewe

Pasheni asili yake ni Amerika ya Kusini. Ni mmea unaotambaa na kupanda juu kwa ndevu zake zinazojisokota kwenye waya au tawi. Jina lake linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya mateso. Wamisionari Wahispania walioliona ua lake huko walisoma ndani yake habari ya Ijumaa Kuu: nyuzi zinazozunguka katikati ni taji ya miiba, sehemu 5 zenye chavua ni majeraha 5 ya Bwana, na vikonyo 3 vya juu ni misumari. Majani 10 ya ua yalihesabiwa kuwa mitume, bila Petro aliyemkana na Yuda aliyemsaliti. Mwinjilisti anayetaka mfano wa kufundishia watoto wa shule ya Jumapili anao tayari bustanini.

Zipo aina mbili zinazolimwa zaidi. Ya zambarau hupenda hali ya ubaridi kiasi, nyuzi joto kati ya 18 na 25, na hustawi katika miinuko ya kati ya mita 1,200 na 2,000 hivi. Ya njano ni ya maeneo ya joto na ya chini. Kwa sharika zetu, basi, tunazungumzia pasheni ya zambarau. Hata hivyo, kupenda ubaridi si sawa na kustahimili kuganda. Aina ya zambarau huweza kuvumilia sakitu nyepesi ya muda mfupi, lakini sakitu kali huunguza majani, machipukizi na maua, na mche mchanga huweza kufa kabisa kwa usiku mmoja.

Sakitu inavyokuja

Sakitu ni ule umande ulioganda tunaouona mweupe juu ya majani alfajiri. Wasomaji wa Biblia wanalikumbuka neno hili katika habari ya mana, Kutoka 16. Kwetu huonekana hasa kati ya Juni na Agosti, katika usiku wenye anga safi na usio na upepo. Mchana ardhi hupokea joto la jua. Usiku hulitoa kwenda juu. Mawingu yakiwepo, hufanya kazi kama blanketi na kurudisha sehemu ya joto hilo. Anga ikiwa wazi, joto lote linakwenda zake.

Jambo la pili ndilo muhimu zaidi kwa kamati. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa yenye joto, kwa hiyo hutiririka kufuata mteremko kama maji, na kukusanyika bondeni. Ikikuta kizuizi kama ua mnene wa miti, au ukuta uliokatiza mteremko, hutuama nyuma yake kama maji kwenye bwawa. Ndiyo maana katika kijiji kimoja shamba la bondeni linaweza kuungua na la mlimani, hatua 200 tu juu yake, likabaki kijani.

Hapa ndipo penye hatari yetu. Bustani zetu za kiangazi ni vinyungu, na vinyungu viko bondeni kwa sababu maji yako bondeni. Kikundi kinapopewa miche, wazo la kwanza ni kuipanda kwenye kinyungu ili umwagiliaji uwe rahisi. Kwa mboga za majani zinazovunwa baada ya wiki chache, wazo hilo ni zuri. Kwa pasheni, inayotakiwa kuishi miaka 3 hadi 5, kinyungu kina matatizo mawili: sakitu hutuama humo, na udongo unaotuamisha maji huozesha mizizi yake.

Jinsi ya kuchagua mahali

Tunazishauri kamati zitumie msimu mmoja mzima wa baridi kuchunguza kabla ya kupanda. Haihitaji mtaalamu wala vifaa vya gharama:

1. Waulizeni wakulima wa viazi. Wao wanajua ni wapi majani ya viazi huungua na kuwa meusi mwezi wa Juni na Julai, na ni wapi hayaungui.

2. Wekeni sahani pana zenye maji kidogo mahali patatu au pane: bondeni, katikati ya mteremko, karibu na juu, na karibu na nyumba. Zikagueni alfajiri, kabla jua halijatoka, kila baada ya usiku wa anga safi. Palipoganda maji, msipande.

3. Tafuteni katikati ya mteremko, mahali panapopata jua mapema na ambapo hewa ina njia ya kushuka. Kama kuna ua upande wa chini, achieni mwanya wa kutosha.

4. Kwa miche michache ya nyumbani, tumieni ukuta wa matofali unaopata jua la mchana. Ukuta hutunza joto na kulitoa usiku polepole.

5. Pimeni umbali wa maji. Kubeba maji kutoka bondeni ni kazi halisi, na kwa kawaida huangukia akina mama na watoto. Kama hakuna tanki la maji ya mvua wala bomba karibu, liingizeni jambo hilo katika bajeti tangu mwanzo.

Sharika zilizo juu sana, kama zile zinazopakana na uwanda wa Kitulo, tunazishauri kwa upendo ziachane na pasheni. Matufaha huhitaji baridi ili yazae vizuri, na viazi mviringo vina soko la uhakika. Mungu hakutoa karama moja kwa wote.

Kupanda na kutunza

Pandeni mwanzoni mwa mvua, Novemba au Desemba, ili mche upate miezi 6 ya kukua na kukomaa shina kabla ya Juni. Chimbeni mashimo ya sentimita 45 hadi 60 kila upande na kuchanganya udongo wa juu na samadi iliyoiva. Nafasi ya mita 2 kati ya mistari na mita 3 kati ya miche inafaa. Kwa robo ekari hiyo ni takriban miche 160, na nguzo karibu 100 kama zitasimama kila baada ya mita 6. Waya unyooshwe kwa urefu wa mita 2 hivi kutoka ardhini, nao utahitajika zaidi ya mita 500.

Ni vema kununua miche iliyobebeshwa, yaani ya zambarau juu ya shina la njano, kwa kuwa shina hilo huhimili ugonjwa wa mnyauko unaokaa ardhini kwa miaka mingi. Kumbukeni tu kwamba aina ya njano huumizwa na baridi zaidi kuliko ya zambarau, hivyo sehemu ya chini ya shina ikingwe. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kiungo liondolewe mara moja.

Kuanzia Aprili msiweke mbolea ya kuchochea majani, wala msipogolee. Machipukizi laini ndiyo huungua kwanza. Wakati wa baridi, mche wa mwaka wa kwanza ujengewe kibanda kidogo cha nyasi, kifunguliwe mchana ili jua liingie. Jioni ikionekana anga itakuwa safi na upepo umetulia, udongo uwe umemwagiliwa tangu mchana, kwa sababu udongo wenye unyevu hutunza joto kuliko udongo mkavu. Matandazo kati ya mistari yasogezwe kando katika majuma hayo ili jua lifike kwenye udongo.

Kama sakitu imepiga, msikimbilie kisu. Majani yaliyoungua hukinga kidogo yale yaliyo chini yake, na kukata mapema huamsha machipukizi yatakayouawa na sakitu inayofuata. Subirini hadi mwanzoni mwa Septemba. Kisha kwaruzeni gome la shina kwa ukucha: penye kijani pako hai, na hapo ndipo pa kukatia. Kisu kisafishwe kila mnapohama mche hadi mche, maana virusi vinavyofanya matunda kuwa magumu husambazwa kwa visu na pia kwa vidukari. Pasheni huchanua kwenye matawi mapya, kwa hiyo mmea uliopogolewa vizuri Septemba unaweza kurudi na kuzaa. Tangu ua mpaka tunda kuiva ni karibu miezi 2 hadi 3. Nyuki husaidia uchavushaji, hivyo kikundi chenye mizinga kina faida mara mbili.

Neno kwa kamati na wafadhili

Gharama kubwa ya bustani ya pasheni hulipwa mwanzoni: nguzo, waya, miche na samadi. Mapato huja baadaye. Kwa hiyo sakitu ya mwaka wa kwanza haichukui majani tu. Huchukua akiba ambayo akina mama wameichanga kwa miezi mingi, na huchukua imani yao kwa mradi unaofuata. Kikundi kilichounguliwa mara moja huwa vigumu kukiinua tena.

Kwa wafadhili wetu tunaomba jambo moja. Usharika unaposema unahitaji msimu mmoja wa kuchunguza mahali, msione kwamba umelala. Kazi hiyo haipigwi picha wala haina idadi ya kupendeza kwenye taarifa, lakini inalinda kila shilingi inayofuata.

Kwa kamati za sharika tunaomba mambo mawili. Kwanza, ombi la mradi wa pasheni liambatane na mchoro wa mahali na maelezo ya sakitu ilivyoonekana hapo tangu Juni hadi Agosti. Pili, taarifa isiishie kwenye miche iliyogawiwa Desemba. Ihesabuni tena Septemba, baada ya baridi kupita, na mtuandikie ni mingapi iko hai. Hesabu ya Desemba huonyesha ukarimu wa mtoaji. Ya Septemba huonyesha kama kikundi kimesaidiwa kweli.

Katika Luka 14:28 Bwana wetu alisema habari za mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Nasi tuketi kwanza, hata kama ni alfajiri ya Julai, kwenye mteremko, tukiangalia maji kwenye sahani.



Mratibu wa Miradi