Acha Maua, Upate Maboga

Ndugu mkulima wa Musoma, Bunda na Butiama, usifyeke maua yote ya porini. Acha ukanda wa maua kando ya shamba. Ni chakula cha nyuki wa mizinga na nyuki wa porini.

Nyuki hubeba unga wa maua, yaani chavua, kutoka ua dume la mboga hadi ua jike. Bila chavua boga changa hunyauka na kudondoka. Watoto wako hukosa boga, chakula kinacholinda macho.

Usinyunyizie dawa ya wadudu kwenye ukanda huo. Pamba ikihitaji dawa, nyunyizia jioni, nyuki wakisharudi mzingani. Dawa hiyo ni sumu kwako pia. Ukimaliza, oga kwa sabuni, fua nguo. Usioshee bomba ziwani.

Linda nyuki, ulinde afya yako.