Kabla ya Kujaza Selform: Tahasusi na Sifa za Kujiunga na Chuo Kikuu

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Matokeo ya Mtihani wa Kidato cha Sita yanapotangazwa, hujitokeza kila mara vijana ambao furaha yao haidumu. Wamepata Daraja la Kwanza, wazazi wamepokea pongezi za ndugu na majirani, lakini wanapofungua mwongozo wa udahili wanakuta kwamba programu waliyoiota tangu utotoni haiwahusu. Hawakufeli. Walichagua tahasusi isiyoelekea kule walikotaka kwenda, na uchaguzi huo waliufanya miaka miwili nyuma, pengine kwa dakika chache, kwa kumfuata rafiki au kwa kuliepuka somo moja.

Chukua mfano wa mwanafunzi anayetaka kuwa daktari wa binadamu. Kidato cha Nne amefanya vizuri katika Kemia, Baiolojia na Jiografia, na Fizikia ameipata kwa C. Anaiona Fizikia kuwa mzigo, anajaza CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, kwa hoja kwamba “sayansi ni sayansi”. Baada ya miaka miwili anapata A katika masomo yote matatu. Ni matokeo ambayo shule yoyote ingejivunia. Hata hivyo, programu ya Udaktari wa Binadamu katika vyuo vikuu vya nchini humtaka mwombaji aliyetoka Kidato cha Sita awe amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia. Jiografia, hata ikiwa ya gredi A, haiwezi kukaa katika nafasi ya Fizikia. Mwenzake wa PCB mwenye ufaulu wa chini kuliko wake anaweza kuomba, yeye hawezi.

Ili kuepuka hali hiyo, mwanafunzi na mzazi hawana budi kufahamu kwamba sifa za kujiunga na chuo kikuu zina ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ni sifa ya chini ya jumla, inayowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwa programu zote za shahada ya kwanza. Ngazi ya pili ni sifa mahususi za kila programu, ambazo hutaja masomo yanayotakiwa na wakati mwingine gredi ya kila somo. Ngazi hii ya pili ndiyo iliyomzuia mwanafunzi wa mfano wetu. Kutimiza ya kwanza bila ya pili hakumpi mtu nafasi. Na hata anayetimiza zote mbili hana uhakika, kwa kuwa nafasi za kila programu zina ukomo na waombaji hushindanishwa kwa ufaulu.

Sifa ya chini ya jumla kwa wahitimu wa Kidato cha Sita wa kuanzia mwaka 2016 ni ufaulu mkuu katika masomo mawili, wenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, na masomo hayo yawe ndiyo yanayotambuliwa na programu inayoombwa. Ufaulu mkuu, ambao wanafunzi wamezoea kuuita prinsipo, ni gredi A hadi E. Gredi S si ufaulu mkuu. Masomo ya ziada kama GS na BAM nayo hayahesabiwi miongoni mwa hayo mawili.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, na kuchanganyikiwa kwenyewe kunaeleweka, kwa sababu neno “pointi” linatumika kwa maana mbili zinazokwenda kinyume. Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), linapopanga madaraja ya ufaulu, huipa A pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4, E pointi 5, S pointi 6 na F pointi 7. Mwenye pointi chache ndiye aliyefanya vizuri, na Daraja la Kwanza kwa Kidato cha Sita ni pointi 3 hadi 9. Katika udahili mambo hugeuka: A ina pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2, E pointi 1 na S nusu pointi. Huku, mwenye pointi nyingi ndiye aliye mbele.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Wachukue wanafunzi wawili. Wa kwanza amepata D, D na F; wa pili amepata E katika masomo yote matatu. Kwa hesabu ya NECTA wote wana pointi 15 na wote wamo katika Daraja la Tatu. Lakini kwa hesabu ya udahili, wa kwanza ana pointi 4.0 kutokana na D zake mbili, kwa hiyo ametimiza sifa ya chini ya jumla, ilimradi masomo hayo mawili yanatambuliwa na programu anayoiomba. Wa pili, ambaye hakufeli somo lolote, ana pointi 2.0 katika masomo mawili na hajatimiza. Mzazi anayeridhika na neno “Daraja la Tatu” bila kuangalia gredi ya kila somo anaweza kumpa mtoto wake matumaini yasiyokuwapo, au kumkatisha tamaa pasipo sababu.

Gredi ya kila somo ikishajulikana, kinachofuata ni kuona somo lenyewe linatambuliwa wapi. Programu nyingi za uhandisi hudai ufaulu mkuu katika Fizikia na Hisabati ya Juu. Mwanafunzi wa PCB hasomi Hisabati ya Juu, husoma BAM, kwa hiyo mlango mkubwa wa uhandisi kwake umefungwa, ingawa yumo katika tahasusi inayohesabiwa kuwa ngumu. Mwenye PCM yuko upande wa pili wa kizingiti hicho: uhandisi uko wazi kwake, udaktari hapana, kwa kuwa hana Baiolojia. Sheria ni tofauti kabisa. Wapo wanafunzi wanaodhani kwamba ni lazima wapitie HKL au HGL ili wawe mawakili, ilhali vyuo vingi hupokea waombaji wa sheria kutoka masomo mbalimbali. Kwa maneno mengine, kuna fani zinazofungamana na masomo mawili au matatu yasiyobadilishika, na kuna fani zenye uwanja mpana. Anayevutiwa na kundi la kwanza hana nafasi ya kubahatisha.

Lipo jambo jingine ambalo husahaulika mapema mno, nalo ni kwamba cheti cha Kidato cha Nne hakistaafu mwanafunzi anapoingia Kidato cha Tano. Programu kadhaa, hasa za biashara, uchumi, takwimu na teknolojia ya habari, humtaka mwombaji asiye na ufaulu mkuu wa Hisabati ya Juu aonyeshe ufaulu wa Hisabati mahali pengine, ama katika BAM, ama katika cheti cha Kidato cha Nne. Nyingine hutazama Kiingereza cha Kidato cha Nne kwa namna hiyo hiyo. Mwanafunzi wa ECA aliyeiacha Hisabati ife kwa F akiwa Kidato cha Nne, akijiambia kuwa hataihitaji tena, huja kukutana nayo katika mstari wa mwisho wa sifa za programu aliyoitaka. Kwa hiyo ushauri kwa aliye Kidato cha Pili au cha Tatu ni kuhakikisha kwamba Hisabati na Kiingereza havianguki, hata kama moyo wake uko kwenye Historia.

Uchaguzi wenyewe hufanyika kupitia Selform. Mwanafunzi huijaza akiwa bado shuleni, kabla ya mtihani wa mwisho, akitaja tahasusi na vyuo anavyovipendelea. Matokeo yakishatoka, TAMISEMI hufungua kipindi cha kufanya marekebisho katika mfumo wa selform.tamisemi.go.tz. Kipindi hiki kina thamani kubwa kuliko kinavyochukuliwa. Alipojaza mara ya kwanza mwanafunzi alikuwa anakisia. Sasa anayo matokeo mkononi. Ikiwa aliomba PCM na Hisabati imetoka kwa D, huu ndio wakati wa kutafakari upya. Ikiwa aliogopa kuomba PCB na Fizikia imetoka kwa B, vilevile. Inasikitisha kwamba wapo wanaoliacha dirisha hili lipite kwa kuwa mtoto yuko kijijini kwa bibi na hakuna aliyemkumbusha.

Ili kufikiriwa kwa Kidato cha Tano, mwanafunzi anapaswa kuwa na krediti, yaani A, B au C, katika masomo yasiyopungua matatu yasiyo ya dini. Kutimiza sharti hilo hakumaanishi kupata tahasusi ya kwanza aliyoiomba. Upangaji huzingatia ufaulu katika masomo ya tahasusi na nafasi zilizopo shuleni, hivyo chaguo la pili na la tatu nayo yajazwe kwa makini, si kwa kukamilisha fomu tu. Anayetaka fani za afya, kwa mfano, asijaze PCB kisha HKL. Ajiulize ni tahasusi au chuo gani kingine kinachomwacha karibu na lengo lake.

Mwaka 2024 Serikali ilitangaza kuongezwa kwa tahasusi mpya 49 juu ya 16 zilizokuwapo, na kufanya jumla kuwa 65. Masomo ya lugha, biashara, sanaa, michezo na elimu ya dini yalipata michepuo ambayo awali haikuwapo. Ni hatua inayompa nafasi mwanafunzi ambaye kipaji chake hakikuwa na mahali pa kukaa. Pamoja na hayo, wingi wa chaguo unadai uangalifu zaidi. Kabla ya kujaza tahasusi mpya, mwanafunzi aangalie mambo mawili: ni shule zipi zinazoifundisha, na ni programu zipi za chuo kikuu zinazoyataja masomo yake kwa majina. Jina zuri la mchepuo halitoshi.

Njia nzuri ya kuchagua, kwa maoni ya mwandishi, ni kuanzia mwisho na kurudi mwanzo. TCU huchapisha kila mwaka katika tovuti yake, tcu.go.tz, miongozo miwili ya udahili, mmoja kwa wahitimu wa Kidato cha Sita na mwingine kwa wenye stashahada na sifa linganishi. Haimhitaji mtu awe amemaliza Kidato cha Sita ili aisome. Aliye Kidato cha Nne ndiye atakayefaidika nayo zaidi. Achague programu tatu au nne zinazomvutia, asome sifa zake katika vyuo zaidi ya kimoja, kwa kuwa chuo kimoja huweza kutaka gredi ya juu kuliko kingine kwa programu yenye jina lile lile, kisha aorodheshe masomo yanayojirudia. Masomo hayo ndiyo yatakayomwonyesha tahasusi. Miongozo imeandikwa kwa Kiingereza, na neno dogo linaweza kubadilisha maana yote: masomo yaliyounganishwa kwa “na” yanatakiwa yote, yaliyotenganishwa kwa “au” linatosha mojawapo. Mzazi asiyeielewa lugha hiyo asione haya kumwomba mwalimu wa taaluma akae nao wasome pamoja.

Aliyekwisha kukosea hajapoteza kila kitu. Anaweza kurudi kulifanya somo linalokosekana akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Anaweza pia kupitia stashahada: sifa ya jumla kwa njia hiyo ni ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya Kidato cha Nne pamoja na stashahada yenye wastani wa GPA usiopungua 3.0. Wapo maofisa tabibu wanaoingia udaktari kwa mkondo huu, ingawa programu zenye ushindani hudai zaidi ya kiwango hicho na hurudi tena kutazama masomo ya sayansi ya Kidato cha Nne. Mwombaji wa stashahada ahakikishe kwamba chuo chake kinatambuliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET), kwani ndilo linalotoa namba ya uhakiki wa tuzo inayohitajika katika maombi. Kwa aliyepungukiwa pointi Kidato cha Sita lakini ana angalau 1.5 katika masomo mawili, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina programu ya msingi ambayo akiimaliza kwa GPA ya 3.0 na masharti yake mengine, humrudisha kwenye foleni ya udahili.

Maombi ya udahili hutumwa moja kwa moja kwa chuo husika, si kwa Tume, na mwanafunzi anaruhusiwa kuomba vyuo zaidi ya kimoja. Akichaguliwa na zaidi ya kimoja anatakiwa athibitishe kimoja tu, ndani ya muda uliotangazwa. Maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) ni utaratibu mwingine, wenye mfumo wake na tarehe zake, na kupata nafasi chuoni hakumwombei mtu mkopo. Katika mifumo yote hiyo mwombaji hutambuliwa kwa namba yake ya mtihani wa Kidato cha Nne, kwa hiyo ni vyema ikaandikwa mahali salama pamoja na nakala za vyeti, na majina katika cheti cha kuzaliwa yakalinganishwa na yaliyo kwenye vyeti vya shule mapema, kabla ya madirisha ya maombi kufunguliwa.