Ramani ya Liuli na Majira ya Mbalamwezi (Sehemu ya Pili)

Wajerumani walipotia nanga Liuli, kwenye Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, waliona jabali lililochomoza majini, wakalifananisha na ile sanamu ya Misri yenye kichwa cha mtu na kiwiliwili cha simba, wakaibatiza bandari Sphinxhafen. Jina likaingia kwenye ramani bila mwenyeji kuulizwa. Hapo hapo, Agosti 1914, manowari ya Kiingereza Guendolen ilikuja kuipiga mizinga Hermann von Wissmann, meli ya Wajerumani iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa, na nahodha wake alikuwa hajasikia hata kwamba kuna vita. Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho. Kwa mtu wa Liuli kina upande mwingine: mambo makubwa ya ufuko huu yaliamuliwa mbali, habari zikafika baadaye.

Sehemu ya kwanza ilihusu barabara. Leo ni zamu ya ramani.

Tangu Wilaya ya Nyasa ilipomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012 na makao yake kuwekwa Mbamba Bay, ardhi ya mwambao imeanza kutazamwa kwa jicho la viwanja. Kijijini mwananchi hayuko mikono mitupu. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, haiwezi kugawa ardhi kabla mkutano huo haujaridhia. Mpango wa matumizi ya ardhi nao hupitishwa na mkutano huo huo. Nguvu hiyo si ndogo, ingawa wengi huikumbuka siku mgogoro unapozuka.

Mambo hubadilika kijiji kinapoanza kuwa mji. Eneo likishatangazwa kuwa la mipango miji kwa Sheria Na. 8 ya 2007, kalamu huhamia halmashauri ya wilaya na wataalamu wake. Sheria inawataka wadau washirikishwe. Lakini kushirikishwa kuna sura nyingi, na sura iliyozoeleka ni hii: mchoro unakuja umekamilika, unabandikwa ukutani, mtaalamu anaeleza kwa saa moja, wananchi wanauliza habari za fidia, mahudhurio yanasainiwa. Bikoni zinapochimbiwa, kila mtu anashangaa.

Mkoa wa Ruvuma una kumbukumbu ya njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa, Songea, kikawa shina la Chama cha Maendeleo cha Ruvuma kilichounganisha vijiji zaidi ya kumi. Wanakijiji wenyewe walikaa mkutanoni wakapanga kazi za shamba, mgawanyo wa mapato na hata shule ya watoto wao. Mwalimu Nyerere aliwasifu. Hata hivyo Septemba 1969 chama hicho kilipigwa marufuku na uongozi wa TANU, na miaka michache baadaye Operesheni Vijiji ikahamisha mamilioni ya Watanzania kwa amri, mahali pengine kwa nguvu. Litowa ilikuwa na mikutano mirefu yenye kuchosha, na huenda uchovu huo ndio uliokuwa siri yake: watu walipewa muda wa kubishana.

Muda huo ndio msingi wa mabaraza ya wananchi yanayojaribiwa katika nchi mbalimbali. Ireland mwaka 2016 ilikusanya raia 99 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, chini ya mwenyekiti jaji. Walisikiliza wataalamu wa pande zote kwa miezi kadhaa, kisha wakatoa mapendekezo yaliyofungua njia ya kura ya maoni ya 2018 kuhusu utoaji mimba. Tanzania nayo ilionja kidogo: mwaka 2015 watu wapatao 400 kutoka sehemu mbalimbali za nchi, waliopatikana kwa bahati nasibu, walikutanishwa kujadili mapato ya gesi asilia.

Faida ya bahati nasibu ni kumfikia asiyeinua mkono. Mkutano wa hadhara, pamoja na heshima yake yote, huwa wa wenye sauti na nafasi. Mvuvi wa usipa aliyekesha ziwani na taa zake amelala. Mama anayeanua samaki hawezi kuwaacha wingu likitanda. Majina yakitolewa kwenye daftari la wakazi, yakachanganywa kapuni na kuchotwa mbele ya watu, hao nao wataitwa, na wataitika ikiwa nauli na posho ya siku vimetengwa. Mkutano mkuu haufutwi. Baraza huupelekea hoja zilizokwisha kuchambuliwa.

Hoja ya kwanza kwa baraza la namna hiyo Liuli inajulikana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ufuko huo ndio gati la mitumbwi, kiwanda cha nyavu na uwanja wa kukaushia usipa. Mchoraji aliye ofisini ataupaka rangi ya kijani na kuendelea na mengine. Mvuvi ataonyesha chanja zisogezwe wapi, mitumbwi ipite wapi, na maji ya ziwa yalifika wapi mwaka yalipopanda.

Tarehe ya kikao cha baraza nayo haihitaji mtaalamu. Usipa huvuliwa usiku wa giza, kwa kuwa mwezi ukiwaka taa hazivuti samaki. Siku za mbalamwezi mitumbwi hulala mchangani na wenyewe wapo nyumbani.