Uchumi wa Kyela Uanzie Kwenye Bakuli la Mtoto

Wilaya ya Kyela haijulikani kwa njaa. Mchele wake unatafutwa Mbeya hadi Dar es Salaam kwa sababu ya harufu yake. Kandokando ya Ziwa Nyasa, kuanzia Itungi hadi Matema, usipa, samaki wadogo wa ziwa hilo, huanikwa juani. Migomba na michikichi imezunguka nyumba, na sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania inatoka katika wilaya hii. Lakini ghala kujaa ni jambo moja, na mtoto wa mwaka mmoja kula chakula kinachomjenga ni jambo jingine.

Mikoa ya Nyanda za Juu Kusini inalifahamu tatizo hilo vizuri. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, maana yake ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Kiwango cha juu kabisa hakikuonekana kwenye mikoa kame. Iringa ilikuwa na asilimia 57. Njombe, jirani wa Kyela kwa upande wa milima ya Livingstone, ilikuwa na asilimia 50, sawa na Rukwa. Hii ni mikoa inayolisha taifa.

Mara nyingi tunauchukulia udumavu kama suala la kliniki na la akina mama. Ni suala la uchumi pia. Shilingi na muda vinavyowekwa kwa mtoto tangu mimba hadi miaka yake ya mwanzo vina faida ambayo matumizi machache ya halmashauri au ya familia yanaweza kuifikia. Na wilaya kama Kyela tayari ina sehemu kubwa ya kinachohitajika.

Kinachotokea kichwani

Wataalamu huzungumzia siku 1,000 za kwanza, kuanzia mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Katika kipindi hicho na miaka inayofuata mara moja, ubongo hukua kwa kasi ambayo haitarudi tena. Kituo cha Maendeleo ya Mtoto cha Chuo Kikuu cha Harvard kinakadiria kwamba katika miaka ya mwanzo ubongo hutengeneza miunganisho mipya zaidi ya milioni moja kila sekunde. Njia za kuona na kusikia hutangulia, zikafuata za lugha, kisha za kufikiri, kupanga na kujizuia.

Kazi hiyo inahitaji malighafi. Madini ya chuma hubeba oksijeni na kusaidia kujenga utando unaoharakisha mawasiliano ya mishipa ya fahamu. Madini joto huiwezesha tezi ya shingo kutoa homoni zinazoongoza ukuaji wa ubongo tangu tumboni. Protini na mafuta hujenga seli zenyewe. Mtoto akikosa vitu hivi, mwili hupunguza kasi ya kukua ili aendelee kuishi. Urefu ndio unaoonekana kwenye kibao cha kupimia, ila ufupi si ugonjwa wenyewe. Ni dalili kwamba ndani ya mwili kuna mengine yaliyopungukiwa.

Hali ya ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa huongeza uzito wa jambo hili. Kyela iko bondeni, kwenye joto na mvua nyingi, na mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hufurika wakati wa masika. Maji yakiingia vyooni na visimani, kuhara hufuata. Mtoto anayeharisha mara kwa mara hupoteza virutubisho alivyokula, na utumbo wake hudhoofika kiasi cha kushindwa kufyonza vingine. Malaria huvunja chembe nyekundu za damu. Mjamzito akiugua malaria, yuko katika hatari ya kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo. Kwa hiyo chandarua, choo bora, maji yaliyochemshwa na dawa za kukinga malaria wakati wa ujauzito ni sehemu ya kujenga akili ya mtoto kama kilivyo chakula.

Bakuli la uji

Tuangalie bakuli lenyewe. Mtoto ametimiza miezi sita, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena. Anachopewa katika nyumba nyingi ni uji mwepesi wa mchele au wa mahindi, mweupe, wenye sukari kidogo. Tumbo lake dogo linajaa maji, anaacha kulia, na kila mtu anaamini ameshiba.

Uji unaofaa ni mzito kiasi cha kutomwagika upesi kijiko kinapoinamishwa. Usipa mkavu huchambuliwa, huoshwa vizuri kuondoa mchanga, hukaushwa tena na kusagwa pamoja na miiba yake hadi uwe unga laini. Unga huo ukipikwa ndani ya uji huongeza protini, kalisi na madini ya chuma na zinki. Usipa ulioanikwa kwenye chanja ni bora kuliko ulioanikwa chini, kwa sababu hauna mchanga. Kisha kijiko cha mawese. Wekundu wa mafuta hayo unatokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, kinga ya macho na ya maambukizi. Ndizi iliyopondwa, yai, mboga za majani zilizokatwa vidogo na parachichi hukamilisha mlo.

Mtoto wa miezi sita hadi minane huhitaji milo miwili hadi mitatu kwa siku, na kuanzia miezi tisa mitatu hadi minne, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Yote haya yanapatikana kati ya soko la Kyela mjini na mwalo wa karibu.

Basi tatizo liko wapi? Sehemu moja ni elimu. Sehemu kubwa ni muda na maamuzi. Mama anayeamka alfajiri kwenda kwenye mpunga na kurudi jioni hawezi kupika uji mara nne. Mtoto anabaki na bibi, au na dada yake ambaye naye ni mtoto. Na fedha za mpunga na kakao zikishaingia, mara nyingi mwenye kuamua zitumikeje si yule anayeshika kijiko. Ndiyo maana mafunzo ya lishe yanayowaita akina mama peke yao hufika nusu ya njia. Baba na mama mkwe lazima wawepo.

Mazungumzo ni lishe pia

Mtoto akiguna na kunyoosha mkono, mtu mzima akamtazama, akamjibu na kumtajia jina la kitu anachokitaka, ubongo wa mtoto huimarisha njia ya lugha na ya kuamini watu. Wataalamu huita hayo malezi yenye mwitikio. Kinyume chake, mtoto anayeishi katika vipigo, kelele za ugomvi au upweke wa muda mrefu hukaa na homoni za msongo mwilini, na homoni hizo zikizidi huvuruga kumbukumbu na uwezo wa kutulia.

Ushahidi wa nguvu ya malezi hayo ulitoka Jamaica. Mwaka 1986 watafiti mjini Kingston waliwachagua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa na wahudumu wa afya ya jamii kila wiki kwa saa moja, kwa miaka miwili. Wahudumu waliwaonyesha akina mama namna ya kucheza na kuzungumza na watoto, wakitumia vifaa vilivyotengenezwa nyumbani. Walipofika miaka 22, vijana waliopata michezo hiyo walikuwa wanapata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao, na walikuwa wamewafikia vijana ambao hawakuwahi kudumaa. Watoto wengine katika utafiti huo, waliopewa nyongeza ya chakula peke yake, hawakuonyesha faida hiyo ya kipato.

Je, chakula hakina maana? Kina maana kubwa kinapokuja mapema. Guatemala, kati ya 1969 na 1977, vijiji viwili vilipewa uji wenye protini na vingine viwili kinywaji cha sukari. Zaidi ya miaka 25 baadaye, wanaume waliokuwa wamepata uji huo katika miaka yao miwili ya kwanza walilipwa kwa saa ujira mkubwa kwa asilimia 46. Watoto wa Jamaica walikuwa wameshadumaa walipofikiwa, ilhali wa Guatemala walilishwa kabla madhara hayajakomaa. Majaribio haya mawili yanatufundisha kulisha mapema na kulea kwa pamoja.

Marekani nako, mradi wa shule ya awali wa Perry katika mji wa Ypsilanti, ulioanza 1962 kwa watoto 123 wa familia maskini, ulifuatiliwa kwa miongo kadhaa. Mchumi James Heckman, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya 2000, na wenzake walikadiria faida yake kwa jamii kuwa kati ya asilimia 7 na 10 kila mwaka. Faida hiyo ilitokana na kipato kikubwa zaidi, kodi zaidi, uhalifu mdogo na gharama ndogo za misaada.

Kwa mkulima wa Kyela hesabu hii si ngeni. Anayepanda kakao huukinga mche kwa kivuli cha migomba na kungoja miaka mitatu au minne kabla ya kuvuna, kwa sababu anajua mche uliopuuzwa mwanzoni hauponi kwa mbolea ya baadaye.

Iringa ilishawahi kuonyesha njia

Ushahidi upo hapa nyumbani pia. Mwishoni mwa 1983 ulianza mradi wa lishe wa Iringa, kwa ushirikiano wa serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, katika vijiji 168. Wakati huo mkoa huo ulibeba pia Njombe, Makete na Ludewa iliyo ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Watoto walipimwa uzito kila baada ya miezi mitatu, na matokeo yakasomwa mbele ya serikali ya kijiji. Wanakijiji wenyewe walijadili chanzo na kuamua hatua: vituo vya kulishia watoto, mashine za kusaga, kumpunguzia mama kazi. Kati ya 1984 na 1988 watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka asilimia 56 hadi 38, na utapiamlo mkali ukashuka kutoka karibu asilimia 6 hadi 2.

Lakini katika utafiti wa 2022 Iringa iliongoza kwa udumavu. Uzito pungufu na udumavu ni vipimo tofauti, lakini somo liko wazi: mafanikio ya kizazi kimoja hayajirithishi. Watoto wapya huzaliwa kila siku, na kila mmoja anaanza siku yake ya kwanza kati ya 1,000.

Sera zipo, tuzidai

Tanzania haina upungufu wa sera. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, yenye nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na fursa za kujifunza mapema. Septemba 2022 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe na Rais Samia Suluhu Hassan. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000. Elimu ya awali katika shule za serikali haina ada tangu 2016.

Kila halmashauri pia inatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Kiasi hicho hakizidi sana bei ya chupa moja ya soda. Hakitoshi, na hata hicho kinaweza kuchelewa kutolewa kama hakuna anayekiulizia.

Kwa hiyo, msomaji wa Kyela, Ipinda, Ngonga au Matema, yako mambo yasiyosubiri Dodoma. Baba, sindikiza mama kliniki na uisome kadi ya mtoto wewe mwenyewe. Ushirika wa wakulima, jengeni kituo cha kulelea watoto karibu na mashamba, chenye uji, maji safi na mlezi aliyefundishwa. Na kwenye mkutano ujao wa kijiji, ulizeni kwa sauti: zile shilingi 1,000 za kila mtoto wetu zimetolewa, na zimefanya nini? Diwani anayeulizwa swali hilo kila robo mwaka atakuja na majibu.